Kurasa Zinazorukwa: Shusaku Endo, Imani Yake na Riwaya ya Chinmoku

Mwishoni mwa Chinmoku, yaani Ukimya, riwaya ya Mjapani Shusaku Endo iliyotoka mwaka 1966, kuna kurasa chache ambazo wasomaji wengi huziruka. Zimewekwa kama kiambatisho: shajara ya afisa wa Nyumba ya Wakristo, kifungo kilichokuwa Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Ukizipitia haraka huoni kisa chochote. Ni kumbukumbu za ofisi tu: nani kaumwa, mlinzi gani kapekuliwa, nani kapewa kazi gani na kwa amri ya nani. Katika Kijapani zimeandikwa kwa lugha ya kikarani ya karne ya 17, ambayo hata Mjapani wa leo huisoma kwa taabu. Endo alilalamika kwamba hata wahakiki walizipita kana kwamba ni tanbihi, ilhali kwake yeye riwaya iliishia mle ndani.

Alikuwa na haki ya kulalamika, ingawa kwa kiasi fulani alijitakia. Nitarudi kwenye kurasa hizo. Kwanza tumjue mtu mwenyewe, maana Chinmoku haielewiki vizuri bila kujua ni Mkristo wa namna gani aliyeiandika.

Endo alizaliwa Tokyo mwaka 1923, akakulia Dalian, Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, wakati huo ikiwa mikononi mwa Japani. Wazazi wake wakaachana. Mwaka 1933 mama akarudi Kobe na wanawe wawili, na huko akaingia Kanisa Katoliki. Watoto wakamfuata. Endo mwenyewe alisimulia kwamba siku ya ubatizo padre alipomuuliza kama anaamini, alijibu "naamini" kwa sababu watoto waliomtangulia kwenye mstari walijibu hivyo. Akaitwa Paulo. Miaka mingi baadaye aliifananisha imani ile na suti ya Kizungu ambayo mama yake alimvalisha: mikono mirefu mno, mabega hayakai, na kila akijitazama anaona nguo ya mtu mwingine. Alijaribu kuivua zaidi ya mara moja akashindwa. Hakuwa na nguo nyingine, na aliyemvalisha alikuwa mama. Basi akaamua kazi ya maisha yake iwe kuikata upya suti hiyo mpaka imkae Mjapani mwilini.

Msomaji wa huku kwetu, aliyebatizwa mchanga akapewa jina la mtakatifu wa Ulaya ambaye habari zake hakuzijua mpaka ukubwani, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kwa Endo, hata hivyo, kulikuwa na jambo moja lililoongeza uzito. Alikuwa kijana wakati wa vita, na Mkristo katika Japani ya wakati ule alionekana mfuasi wa dini ya adui. Alidhihakiwa shuleni. Hakupelekwa vitani kwa sababu ya ugonjwa wa kifua, akafanya kazi kiwandani, na alijifahamu vizuri: angebanwa kidogo tu, angesema chochote anachotakiwa kusema. Kumbukumbu hiyo ya woga ambao haukuwahi hata kupimwa barabara ndiyo iliyomfuata katika vitabu vyake vyote.

Mwaka 1950 alipanda meli kwenda Ufaransa, akiwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Kijapani kwenda kusoma huko baada ya vita. Alisoma Lyon, akawasoma waandishi Wakatoliki wa Kifaransa, hasa François Mauriac na Georges Bernanos. Kwa Mauriac alipata somo ambalo wengi wanaotaka kuandika riwaya za Kikristo hulikwepa mpaka leo: mwandishi hana ruhusa ya kumsafisha mhusika wake ili dini ionekane safi. Mhusika mwenye chuki aachwe na chuki yake, na kama neema ipo, iingie kwa mlango wake wenyewe, bila mwandishi kuivuta kwa mkono. Endo alirudi nyumbani mwaka 1953, kifua kikuu kimemkatiza masomo, na kabla ya mwaka kwisha mama yake akafariki. Mwaka 1955 akapata Tuzo ya Akutagawa, tuzo kubwa ya fasihi kwa waandishi chipukizi wa Japani, na miaka michache baadaye akaandika riwaya kuhusu madaktari wa chuo kikuu cha Kyushu waliowapasua wanajeshi Wamarekani wakiwa hai mwaka 1945. Hakuwachora kama mashetani. Alichora watu ambao dhamiri yao haikuwa na wa kuiambia kitu.

Kisha ugonjwa ukarudi. Kati ya 1960 na 1962 alilazwa hospitalini muda mrefu, akapasuliwa mapafu mara tatu, na upasuaji wa mwisho haukuwa na hakika ya kumrudisha. Katika hadithi fupi aliyoiandika baada ya hapo, kuna mgonjwa wa miaka arobaini ambaye hawezi kumwambia mkewe wala padre jambo linalomsumbua, kwa hiyo humwambia ndege aliyenunuliwa ili amliwaze wodini, wa jamii ya kwezi, aigaye maneno ya watu. Mgonjwa anapona na ndege anakufa. Hadithi haielezi kitu zaidi ya hapo. Ukishaisoma, ule uso wa shaba tutakaoufikia sasa hivi haukushangazi: Endo alishaanza kumtafuta Kristo asiyehukumu, anayetazama tu kwa macho ya kiumbe dhaifu na kubeba yasiyosemeka.

Uso huo aliuona Nagasaki, katika jumba la makumbusho. Ulikuwa fumie: bamba la shaba lenye sura ya Kristo, limetiwa katika ubao. Utawala wa Tokugawa, ukoo wa kijeshi ulioitawala Japani wakati huo, ulipopiga Ukristo marufuku nchi nzima mwaka 1614, na hasa katika miongo iliyofuata, watu waliamriwa kulikanyaga bamba kama hilo ili kuthibitisha kwamba si Wakristo. Sura ilikuwa imelika kwa miguu. Kilichomnasa Endo, hata hivyo, kilikuwa kwenye ubao: alama nyeusi iliyoonekana kuachwa na vidole vya miguu. Alitoka pale na maswali ambayo hayakumwachia. Waliokanyaga walikuwa akina nani? Waliikanyaga wakiwaza nini? Na yeye angefanyaje?

Historia ya Kanisa Japani imewatunza vizuri mashujaa. Ishirini na sita waliosulubiwa Nagasaki mwaka 1597 wanajulikana kwa majina. Waliokanyaga, kwa upande mwingine, Kanisa liliwaonea aibu na serikali haikuwa na haja nao tena, kwa hiyo hawana aliyewaandika. Endo aliona hapo kazi ambayo mwanahistoria haiwezi na mhubiri haitaki, lakini mwandishi wa riwaya anaiweza: kuwarudishia sauti watu walionyamazishwa pande zote mbili. Hili ndilo jibu langu kwa wanaouliza msukumo wa mwandishi Mkristo hutoka wapi. Kwa Endo haukushuka katika sala. Ulitoka kwenye alama ya vidole iliyomgusa mahali alipokuwa na kidonda tayari.

Alikwenda kwenye kumbukumbu. Alimkuta Cristóvão Ferreira, Mjesuiti Mreno aliyefika Japani mwaka 1609 na kupanda hadi kuwa kiongozi wa shirika lake nchini humo. Oktoba 1633 alining'inizwa kichwa chini ndani ya shimo, amefungwa kamba mwili mzima, na ngozi ya kichwa imechanjwa kidogo ili damu idondoke taratibu asife upesi. Baada ya saa tano hivi akaashiria kwamba ameikana imani. Katika kundi hilohilo alikuwemo Julian Nakaura, padre Mjapani ambaye ujanani alikuwa mmoja wa vijana wanne waliotumwa Roma katika miaka ya 1580. Nakaura alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sitini na alikuwa mgonjwa. Akakaa shimoni siku tatu mpaka akafa. Mwaka 2008 Kanisa lilimtangaza mwenye heri. Ferreira alipewa jina la Kijapani, mke, na kazi ya ukalimani, akaandika kitabu cha kuipinga dini aliyoihubiri.

Dunia hii haikuwa mbali na mwambao wetu kama inavyodhaniwa. Francis Xavier, aliyeanzisha utume wa Japani mwaka 1549, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Na miaka miwili kabla ya shimo la Ferreira, Agosti 1631, Mombasa ilikuwa na kisa chake cha kuasi imani: Yusuf bin Hasan, mfalme aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo, aliirudia dini ya baba zake, akaitwaa Ngome ya Yesu, na Wareno pamoja na Waafrika waliokataa kuuacha Ukristo wakauawa. Hakuna anayeweza kuandika kisa cha Yusuf kwa haki kama hajawahi kuvaa suti isiyomkaa. Ni riwaya ambayo bado inamsubiri mwandishi wake wa Kiswahili.

Tuingie katika Chinmoku yenyewe. Mhusika mkuu ni Sebastião Rodrigues, padre kijana Mreno anayekwenda Japani kwa siri kuhakikisha kama kweli mwalimu wake Ferreira ameanguka. Endo alimjenga kwa kumwangalia Giuseppe Chiara, Mjesuiti wa Sisilia aliyetua Japani mwaka 1643, akakamatwa, akaikana imani, na kufia Edo mwaka 1685.

Jambo ambalo nadhani ndilo kiini cha ufundi wa Endo liko katika namna alivyoipanga simulizi. Sura za mwanzo ni barua za Rodrigues mwenyewe: "mimi", "naona", "namshukuru Mungu". Tuko ndani ya kichwa chake, na kichwa hicho kimejaa kujiamini, hata majivuno kidogo. Akikamatwa, barua zinakwisha na msimulizi wa nafsi ya tatu anachukua usukani. Bado tuko karibu naye, lakini si ndani kabisa. Baada ya kuanguka, tunapewa shajara ya karani Mholanzi wa kituo cha biashara cha Dejima, ambaye anamtaja padre kama habari ya mjini tu. Kisha tunarudishwa kwake kidogo, na mwisho kinakuja kile kiambatisho cha afisa. Yaani kadiri imani ya Rodrigues inavyobanwa, ndivyo mwandishi anavyotuondoa karibu naye hatua kwa hatua, hadi tunabaki kumwangalia kupitia macho ya watu wasiojua wala kujali kilichomo moyoni mwake.

Tukio la kukanyaga liko kabla ya hapo. Rodrigues amefungiwa usiku kwenye chumba cha giza ambako mtu fulani zamani alichonga ukutani maneno ya Kilatini ya kumsifu Mungu. Anasikia mkoromo. Anakasirika, halafu anacheka: yeye anangoja kufa na mlinzi amelala fofofo! Ndipo Ferreira anakuja kumwambia kwamba ule si mkoromo. Ni sauti ya wakulima walioning'inizwa shimoni. Wamekwisha kuikana imani mara nyingi, lakini hawatashushwa mpaka padre akanyage. Na maneno yale ya ukutani aliyachonga Ferreira mwenyewe, usiku wake mwenyewe. Alfajiri bamba linaletwa. Kristo wa shaba, aliyenyamaza kitabu kizima, anamwambia akanyage, kwani alikuja duniani kukanyagwa na watu. Anakanyaga, na jogoo anawika mbali.

Jogoo yule ndiye anayezuia kurasa hizo zisiwe mahubiri. Endo angeweza kuishia kwenye sauti ya Kristo, na msomaji angefunga kitabu ametulizwa. Jogoo anarudisha Petro, aliyemkana Yesu kabla jogoo hajawika, na pamoja na Petro usaliti, kwa hiyo hatujui kama tuliyemsikia ni Bwana au ni mtu aliyechoka anayejihurumia. Mwandishi anaamini moja ya hayo mawili. Hatulazimishi tuamini naye.

Kitabu kilipata Tuzo ya Tanizaki, nayo ya fasihi, mwaka huohuo na kikasomwa sana, tena na watu ambao kanisani hawakanyagi. Vijana wa mrengo wa kushoto walikiona kisa chao: katika miaka ya 1930 polisi wa Japani waliwabana wakomunisti mpaka wengi wakaikana itikadi yao kwa maandishi, na aibu hiyo ilikuwa haijapoa. Kanisani mambo yalikuwa tofauti. Baadhi ya mapadre waliwazuia waumini wao wasikisome, na Wakatoliki wa Nagasaki waliona damu ya mababu zao imedharauliwa. Ni ajabu kidogo ukikumbuka kwamba Endo alijifunza historia ile kwa msaada wa Mjesuiti, mwanahistoria Hubert Cieslik, na kwamba aliyekitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1969 alikuwa Mjesuiti mwingine, William Johnston.

Jina la kitabu nalo lilichangia. Endo alitaka kukiita Harufu ya Mahali pa Jua, akimwaza Ferreira mzee ameketi peke yake katika jua la mchana, amekunja mikono, akiyatafakari maisha yake. Wachapishaji waliona halina nguvu, wakapendekeza Ukimya. Kibiashara walipatia. Lakini tangu siku hiyo wasomaji wamekuwa wakikisoma kama kitabu kuhusu Mungu asiyesema, wakati Endo alisisitiza aliandika kuhusu Mungu anayesema ndani ya kunyamaza.

Sasa kiambatisho. Rodrigues pale anaitwa Okada San'emon. (Chiara wa historia aliitwa Okamoto San'emon. Okada lilikuwa jina la ukoo wa mke wa Endo kabla hajaolewa. Sitajenga nadharia juu yake, ila waandishi hawabadilishi majina kwa usingizi.) Miaka mingi imepita tangu akanyage. Katikati ya habari za walinzi na magonjwa, afisa anaandika kwamba San'emon ameamriwa kuandika hati ya kuikana dini, na kwa siku hizo asipewe kazi nyingine. Miezi michache baadaye, anaamriwa tena. Msomaji mwepesi anapita. Msomaji makini anajiuliza: mtu aliyekwisha kuikana dini anaandikishwa hati upya kwa sababu gani, kama katikati hapo hakulikana lile kanusho lenyewe? Kisha mtumishi wake Kichijiro anapekuliwa na kukutwa na kijihirizi shingoni, ndani yake picha za Petro na Paulo upande mmoja, Xavier na malaika upande wa pili. Anadai ameokota. Afisa anahoji nani alikuwa naye, anaandika majibu, anaendelea. San'emon anakufa, anazikwa kwa taratibu za Kibudha, na kumbukumbu zinafungwa.

Hapo ndipo imani ya riwaya hii ilipo, na imefichwa mahali ambapo imani ya watu wale ilifichwa kweli: katika usumbufu mdogo unaoripotiwa na afisa aliyechoshwa na kazi. Nilisema Endo alijitakia kwa sababu aliificha mno. Mtu ukitegemea msomaji agundue jambo kubwa kuliko yote katika kitabu chako kupitia amri iliyorudiwa ndani ya lugha ya kikarani, usishangae akifunga kitabu kurasa kumi kabla. Hata hivyo, angeandika sura ya ziada ambamo Rodrigues anasali waziwazi gizani, tungekuwa na kitabu cha kujenga roho na riwaya ingekuwa imekufa.

Kuhusu Kichijiro, mlevi na mwoga anayewasaliti wenzake kisha kila mara anarudi kuomba kitubio, Endo alisema bila kuzunguka kwamba ndiye yeye. Watu waliomjua walikuwa na sababu ya kutomwamini. Walimwona mtu wa mizaha, aliyeandika makala za kuchekesha akijiita kwa jina la nyumba yake, "maskani ya mbweha", aliyeunda kikundi cha maigizo cha watu wasiojua kuigiza, aliyetokea kwenye tangazo la kahawa la televisheni. Vitabu vizito aliviandika kwa penseli, kwa herufi ndogo ndogo, upande wa nyuma wa karatasi za miswada, halafu vikanakiliwa upya. Sidhani kwamba kulikuwa na Endo wawili. Mzaha ulimsaidia asijichukulie kama nabii, ugonjwa unaowapata waandishi wa kidini wakishapata tuzo mbili tatu.

Lawama ya wale Wakatoliki wa Nagasaki, hata hivyo, isipuuzwe. Ndani ya Chinmoku, wakulima wanaokufa kwa kufungwa kwenye misalaba iliyosimikwa baharini, maji ya bahari yakiwapanda na kushuka, tunawaona kupitia macho ya padre mgeni. Wao hawapewi barua wala shajara. Mwandishi aliyewapigania wanyonge wasiosikika aliwapa wanyonge hao nafasi ya kufa na ya kuimba, kisha akamrudia padre msomi mwenye maswali yake. Hapa sina utetezi wa kumpa.

Lakini kuna jambo ambalo wakosoaji hao nao walilipitia kando. Machi 1865, kikundi cha wanavijiji kilipojitambulisha kwa padre Mfaransa katika kanisa jipya la Oura, Nagasaki, dunia ilistaajabu kuona Wakristo waliodumu zaidi ya miaka mia mbili bila padre. Walidumuje? Kila mwaka, hadi miaka ya 1850, watu wa Nagasaki walipangwa mstari wakakanyaga fumie. Wakristo wa siri walikanyaga pamoja na wengine, wakarudi nyumbani, wakasali sala ya majuto waliyorithi kwa mdomo na kwa nakala za mkono. Waliokataa kukanyaga waliuawa. Ukoo mzima wa Kanisa lile la siri, kizazi baada ya kizazi, ni ukoo wa waliokanyaga.

Endo alilijua hili, na miaka mitatu baada ya Chinmoku akalifuata katika hadithi fupi aliyoiita Mama. Msimulizi wake, mwandishi Mkatoliki anayemkumbuka marehemu mama yake kila usiku, anakwenda kisiwani kuwaona wazawa wa Wakristo wa siri ambao hadi leo hawajarudi Kanisani. Wakatoliki wa pale hawawapendi, na padre anawaona kama watu wa ajabu. Baada ya kusitasita, wenyeji wanakubali kumwonyesha picha wanayoisalia, iliyofichwa kwenye kabati la nyumbani. Si ya Kristo Mhukumu wala ya Baba mbinguni. Ni mwanamke wa kijijini, kanzu yake imeachwa wazi kifuani, ananyonyesha mtoto. Watu waliobeba aibu ya kukanyaga hawakuthubutu kumwendea Baba, wakamwomba mama awasemee.